Tamko la Watu Wenye Ulemavu wa Ufipa: Tunataka Kiti cha Kura

Kwa viongozi wa vyama vyote vya siasa mkoani Rukwa. Kwa waheshimiwa wabunge na madiwani. Kwa wakurugenzi wa halmashauri zetu nne za Manispaa ya Sumbawanga, Wilaya ya Sumbawanga, Kalambo na Nkasi. Kwa maaskofu, masheikh na wachungaji. Na kwa wananchi wenzetu wa juu Ufipa na wa bondeni Rukwa.

Sisi wanachama wa chama cha watu wenye ulemavu hapa Sumbawanga, tukiwemo wasioona, viziwi, watu wenye ualbino, wenye ulemavu wa viungo, pamoja na wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili, tunatoa tamko hili kuhusu jambo moja. Mwanaharakati wa haki zetu anapovuka na kuwa mwanasiasa, anaingia kwa mlango gani, akishaingia anawajibika kwa nani, na sisi tuliomlea tunabaki na nini?

Tunalisema mapema, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2029 na ule wa madiwani na wabunge wa 2030, kwa sababu tumezoea kukumbukwa majina yakiwa yameshapangwa. Hapo huitwa mmoja wetu kupanda jukwaani, akapigwa picha na mgombea, akapewa kanga au fulana, na habari yake ikaishia hapo.

Tuanzie Lindi, mji ambao kutoka hapa ni mbali kuliko Lubumbashi. Tarehe 31 Oktoba 2010 wapiga kura wa Jimbo la Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Barwany wa Chama cha Wananchi, CUF, kuwa mbunge wao. Alikuwa mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda ubunge wa jimbo katika Tanzania. Wenye umri wa kukumbuka wanajua miaka ile ilikuwaje. Mauaji ya watu wenye ualbino yalikuwa yametapakaa Kanda ya Ziwa na kuanza kusogea huku kwetu. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alikuwa amemteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuingia bungeni. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa machozi ndani ya Bunge akilizungumzia suala hilo, naye wakati huo alikuwa mbunge wa Mpanda Mashariki, jimbo lililokuwa ndani ya Rukwa kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012. Machi mwaka huohuo zikapigwa kura za siri ili wananchi wawataje watuhumiwa. Katika nchi iliyokuwa na hali hiyo, watu wa Lindi waliingia kwenye chumba cha kupigia kura na kumchagua mtu ambaye kwingineko alikuwa akiwindwa.

Wapo waliosema ilikuwa kura ya huruma. Hatukubaliani nao. CUF ilikuwa na nguvu kusini mwaka ule. Ilishinda pia Kilwa Kusini, na aliyeshinda kule hakuwa na ulemavu. Barwany alishinda kwa njia anayoshinda kila mbunge: alikuwa na chama kilichosimama, alikuwa na watu waliokwenda mtaa kwa mtaa, na alikuwa na hoja zilizowagusa wapiga kura kuliko za mpinzani wake. Ualbino wake ulijulikana na kila mtu, lakini haukuwa ndio hoja ya kampeni. Hilo ndilo somo la kwanza tunalotaka wanachama wetu wenye nia ya udiwani walipokee, hata kama linauma. Uanaharakati peke yake haujazi sanduku la kura.

Mwaka 2015 Barwany alishindwa. Kiti kilikwenda kwa mgombea wa CCM, na maisha yakaendelea. Kushindwa huko tunakuheshimu sawa na ushindi wake. Mtu aliyechaguliwa anaweza kuangushwa, na anayeweza kuangushwa amechukuliwa kuwa mtu mzima na mtu sawa. Wapiga kura walimpima, wakampa miaka mitano, wakampima tena. Mwakilishi aliyeteuliwa hana bahati hiyo. Siku moja jina lake halimo kwenye orodha, na hakuna anayeambiwa amefanya nini, au ameacha kufanya nini.

Tusieleweke vibaya. Walioingia kwa uteuzi na kwa viti maalumu wametufungulia milango tuliyokuwa tunapita mbele yake tukiinamisha vichwa. Dk. Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino, aliteuliwa mbunge na naibu waziri mwaka 2015, kisha akaenda kuwa balozi nchini Ujerumani. Stella Ikupa Alex alishika unaibu waziri katika Ofisi ya Waziri Mkuu akishughulikia watu wenye ulemavu kuanzia 2017. Khadija Shaaban Taya, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Keisha tangu enzi za muziki wake, aliingia bungeni kwa viti maalumu mwaka 2020. Na mwaka huohuo aliingia Ummy Nderiananga, ambaye safari yake ndiyo inayofanana zaidi na mada ya tamko hili: aliongoza Shirikisho la Vyama vya Watu wenye Ulemavu, SHIVYAWATA, akatoka hapo kwenda bungeni na moja kwa moja kwenye unaibu waziri wa kundi lilelile alilokuwa analisemea. Sisi vyama vya mikoani tulishangilia. Mtu aliyekuwa anaandika barua za madai ndiye sasa aliyekuwa anazipokea.

Lakini ukiitazama orodha hiyo yote, toa Barwany, halafu uliza ni kata gani au jimbo gani liliwapigia kura. Hakuna. Ibara ya 66 ya Katiba inatoa viti kwa wanawake visivyopungua asilimia 30, inampa Rais nafasi za uteuzi zisizozidi kumi, na kwingine kote ni jimbo au nafasi za Zanzibar na za wadhifa. Mtu mwenye ulemavu anaingia kwa kujibanza ndani ya nafasi iliyotengwa kwa sababu nyingine. Mwanamke anaweza kupita kwenye orodha ya viti maalumu ya chama chake. Mwanamume mwenye ulemavu asiyeshinda jimbo anabaki kuitegemea kalamu ya Rais.

Huko ni Dodoma. Hapa Sumbawanga njia ni nyembamba zaidi, na hapa ndipo penye uzito wa tamko letu.

Sheria za Serikali za Mitaa, Na. 7 ya 1982 kwa wilaya na Na. 8 ya 1982 kwa miji, zinataja nani anakaa kwenye Baraza la Madiwani: diwani aliyechaguliwa na kata, diwani wa viti maalumu vya wanawake, na mbunge wa eneo hilo. Hakuna kiti chetu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, tuliyoipokea kwa vigelegele baada ya nchi kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zetu mwaka 2009, imetupa kamati kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Kamati ni jambo jema, ila kamati hushauri tu, na baraza ndilo linaloamua. Kamati zetu nyingi hazina bajeti, hazina nauli, na zinakutana pale anapopatikana mfadhili wa chai.

Labda msomaji atauliza: diwani mmoja mwenye ulemavu angebadilisha nini? Tujibu kwa mambo ya hapa hapa.

Tuchukue mikopo ya asilimia kumi. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa hesabu ya darasani tu, halmashauri ikikusanya bilioni 3 za mapato yanayohusika, fungu letu ni milioni 60. Fedha hizo zinanunua mashine za kukamua alizeti, cherehani, mbegu za maharage, bajaji za kubeba mizigo sokoni. Aprili 2023 Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo hiyo nchi nzima ili irekebishe utaratibu baada ya fedha nyingi kutorejeshwa na vikundi hewa kugundulika, na ikairudisha mwaka 2024. Katika muda ule wa kusubiri, wanawake walikuwa na madiwani wao wa viti maalumu wa kuwaulizia barazani: lini, na kwa utaratibu gani mpya? Vijana walikuwa na madiwani vijana. Sisi tulikwenda kuuliza dirishani. Tunajua pia kwamba fungu la asilimia 2 huwa rahisi kubaki bila kukopwa, kwa sababu fomu hazisomeki kwa nukta nundu, kiziwi hapati mkalimani siku ya mafunzo, na kikundi kinachohitajika ni cha watu ambao huenda kijiji kizima kina mmoja tu. Fedha ikibaki, taarifa inasema walengwa hawakujitokeza. Mtu aliyekaa ndani ya Kamati ya Fedha angeisahihisha sentensi hiyo kabla haijapigwa muhuri.

Halafu kuna jua la Ufipa. Wageni wakishuka hapa mwezi Juni wanakimbilia makoti, maana mji uko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na baridi yake si ya mchezo. Baridi hiyo inamdanganya mtu mwenye ualbino. Hewa haichomi, kwa hiyo anadhani jua nalo limepoa, kumbe kadiri unavyopanda juu ndivyo miale inayounguza ngozi inavyozidi kuwa kali. Wenzetu wanalima ulezi na mahindi mchana kutwa, shingo na mikono ikiwa wazi, na vidonda vinaanza wakiwa bado vijana. Kwa kesi ya saratani ya ngozi safari ni ya Mbeya au mbali zaidi. Mafuta ya kinga ya jua yanatengenezwa hapa hapa nchini, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, na kofia ya ukingo mpana inashonwa na fundi yeyote wa Katandala. Kinachokosekana ni mstari mmoja kwenye bajeti ya dawa ya halmashauri, na mtu wa kuudai kila robo mwaka baraza linapokaa. Tumekuwa tukiusema mstari huo kwenye maadhimisho ya Juni 13, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya ualbino na ambayo ilianza kuadhimishwa 2015. Maadhimisho huisha saa nane mchana.

Majengo nayo. Ofisi moja ya kata ambayo hatutaitaja imejengwa juu ya ngazi saba, na mtu wa kiti mwendo anayetaka barua ya utambulisho hukaa nje akipiga kelele mpaka mtendaji asikie. Ngazi hizo zilipitishwa kwenye ramani, ramani ikapitishwa na wataalamu, na fedha zikapitishwa na madiwani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni usalama. Mkoa wetu umemwaga damu. Februari 2013 mwanamke na mtoto, wote wenye ualbino, walishambuliwa na kukatwa mkono kila mmoja katika matukio tofauti ndani ya Rukwa, siku chache mmoja baada ya mwingine. Machi 2015 mtoto wa miaka sita alikatwa kiganja huko Kipeta, bondeni, chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Majina yao hatuyaandiki. Wana haki ya kuishi bila kuwa mifano. Mwaka huohuo wa 2015 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitahadharisha kwamba hatari ingeongezeka uchaguzi ulipokaribia, kwa kuwa wapo wanaoamini kwamba cheo kinaweza kutafutwa kwa mganga anayetumia viungo vya mtu mwenye ualbino. Fikirini maana yake kwa mwenzetu anayetaka kugombea. Msimu uleule ambao mgombea mwingine anatembea usiku kutafuta wajumbe, yeye anatakiwa awe amefunga mlango. Mwaka 2024 mtoto mdogo aliuawa Muleba, Kagera, na nchi nzima ikagundua upya kwamba jambo hili halijaisha. Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilitoa hukumu ikisema kwamba Tanzania ilikiuka haki za watu wenye ualbino, ikiwemo haki ya kuishi. Hukumu hiyo itatekelezwa wapi kama si kwenye kijiji, kwenye ulinzi wa mtaa, kwenye kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata ambacho mwenyekiti wake ni diwani?

Majirani zetu wameshaliamua suala la viti. Uganda, kwa Katiba ya 1995 na sheria ya serikali za mitaa ya 1997, imeweka wawakilishi wawili wenye ulemavu, angalau mmoja mwanamke, katika mabaraza kuanzia ngazi za chini hadi wilaya, na wabunge watano kitaifa. Alex Ndeezi, kiziwi, aliingia bungeni mwaka 1996 na kuwalazimisha waheshimiwa kuzoea kumwona mkalimani wa lugha ya alama ukumbini. Katika nchi ile mtoto kiziwi wa kijijini anaweza kumwona kiziwi mwenzake akiitwa mheshimiwa. Wapo raia wa Uganda wanaolalamika kwamba viti hivyo vimemezwa na chama tawala kwa sababu wapiga kura wake ni kundi dogo linaloweza kukusanywa kwenye ukumbi mmoja. Lawama hiyo tunaichukua kwa uzito, na tutaeleza tunapendekeza nini.

Kenya iliandika katika Katiba yake ya 2010, ibara ya 54, kwamba angalau asilimia 5 ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu, na mabaraza ya kaunti yana nafasi za uteuzi zinazowagusa. Huko ndiko alikotokea Isaac Mwaura, mwanaharakati wa watu wenye ualbino, aliyeteuliwa mbunge kwa tiketi ya ODM mwaka 2013 na seneta kwa tiketi ya Jubilee mwaka 2017. Safari yake inafundisha pande zote mbili. Alipokuwa bungeni, ualbino ulijadiliwa kwa uzito na fedha za mafuta ya kinga ya jua zikasemewa na mtu anayeyatumia. Lakini mwaka 2021, wakubwa wa Jubilee walipogawanyika naye akasimama na upande wa William Ruto, chama kilimfukuza na kiti chake kikaishia kwenye vita vya mahakama. Watu wenye ualbino wa Kenya hawakuulizwa chochote katika ugomvi ule. Kiti kilikuwa kinaitwa chao, ila mwenye ufunguo alikuwa katibu mkuu wa chama.

Hapa kwetu nafasi ya kulirekebisha ilikuwepo, tukaiachia. Bunge Maalumu la Katiba la 2014 lilikuwa na wajumbe 201 walioteuliwa kutoka makundi ya kijamii, na 20 kati yao walitoka kwenye vyama vya watu wenye ulemavu. Haijapata kutokea kabla wala baada ya hapo. Walikaa Dodoma kwa miezi, wakajadili ibara kwa ibara, na mmoja wao, Amon Mpanju, mwanasheria asiyeona, baadaye akawa Naibu Katibu Mkuu wa Wizara ya Katiba na Sheria. Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa imependekeza nafasi tano bungeni kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Mchakato ulikwama, kura ya maoni haikupigwa, na viti vile vimebaki kwenye makaratasi.

Wakati huohuo njia ya kugombea bila chama imefungwa. Mgombea binafsi haruhusiwi, licha ya Mahakama ya Afrika kuamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo hilo linakiuka haki. Kwa hiyo mwanaharakati wetu, ambaye chama chake cha hiari kina wanachama wa kila itikadi, akitaka udiwani ni lazima avae rangi moja. Na hapo ndipo safari nyingi zinapovunjikia. Gharama kubwa haiko kwenye fomu ya Tume. Iko kwenye kura za maoni ndani ya vyama, kwenye kuwafikia wajumbe, kukodi bodaboda, kununua maji na soda, kujibu simu za usiku. Mtu asiyeona analipa nauli mbili, yake na ya msindikizaji. Kiziwi analipa mkalimani, na Sumbawanga wakalimani wa lugha ya alama wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wa kiti mwendo anayetaka kata ya bondeni afikirie barabara ya kuteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa wakati wa masika. Kisha, akifika kwenye kikao cha mchujo, anakuta swali ambalo halimo kwenye kanuni yoyote: ataweza kweli?

Marekebisho ya sheria za vyama vya siasa ya 2024 yanavitaka vyama viwe na sera ya jinsia na ujumuishwaji wa makundi ya kijamii. Tumewaomba makatibu wa wilaya wa vyama kadhaa watuonyeshe sera hizo. Wengine walikuwa wakarimu sana, wakatukaribisha viti na chai. Sera bado tunaisubiri.

Baada ya kusema hayo, tunatamka yafuatayo.

Tunaitaka Serikali, kupitia Ofisi ya Rais TAMISEMI, ipeleke bungeni marekebisho ya Sheria Na. 7 na Na. 8 za 1982 ili kila Baraza la Madiwani liwe na angalau madiwani wawili wenye ulemavu, mwanamke na mwanamume, wenye haki ya kupiga kura barazani. Na ili tusirudie kosa linalolalamikiwa Uganda, madiwani hao wasichaguliwe na ukumbi wa watu arobaini wala wasiteuliwe na chama. Majina yapendekezwe na mikutano ya wazi ya watu wenye ulemavu wa kata zote, kisha yapigiwe kura na wananchi wote wa halmashauri siku ya uchaguzi mkuu, kwenye karatasi yake. Tunajua pendekezo hili lina gharama. Hata viti maalumu vya wanawake vilipoanzishwa palikuwa na waliolalamikia gharama.

Tunavitaka vyama vya siasa vyenye ofisi mkoani Rukwa vitangaze hadharani, kabla ya kura za maoni, vitafanya nini kumpunguzia mgombea mwenye ulemavu mzigo wa ziada: mkalimani, msindikizaji, usafiri, ukumbi usio na ngazi, ulinzi kwa mgombea mwenye ualbino. Chama kitakachokaa kimya tutawaambia wanachama wetu kwamba kimekaa kimya. Hatutasema zaidi ya hapo, kwa sababu sisi si tawi la chama chochote.

Tunaiomba Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iweke wazi kwamba sifa ya kujua kusoma na kuandika inatimizwa pia na anayesoma kwa nukta nundu. Hatutaki jambo hilo liachwe kwenye busara ya msimamizi mmoja wa uchaguzi siku ya kurudisha fomu, saa kumi kasoro dakika tano.

Tunazitaka halmashauri zetu nne, wakati sheria ikisubiriwa, ziwaalike viongozi wa kamati za watu wenye ulemavu kwenye kila kikao cha robo mwaka na kuwapa nafasi ya kusema kabla ya hoja ya fedha kufungwa. Kwa hili haihitajiki sheria mpya. Linahitaji barua ya mwaliko, mkalimani, na njia ya mteremko mlangoni.

Kwa wenzetu wanaharakati, na hasa wale ambao tayari tunawasikia wakipima upepo huko Mazwi, Kizwite, Laela, Matai na Namanyere, tuna maneno ambayo ni afadhali yatoke kwetu kuliko kwa wapinzani wenu. Siku mtakapochukua fomu, jiuzuluni uongozi wa chama chetu. Msiingie kwenye kampeni na daftari la wanachama wetu mkononi. Majina yale yalikusanywa kwa ajili ya fimbo nyeupe na magongo, hayakukusanywa kwa ajili ya kura zenu. Jifunzeni bajeti ya halmashauri mpaka mjue kifungu kwa kifungu, na mjifunze pia habari ya mbolea ya ruzuku, bei ya mahindi kwenye vituo vya NFRA, ugomvi wa wafugaji na wakulima bondeni, maji na madawati. Mkishinda mtakuwa madiwani wa mkulima asiye na ulemavu pia, na yeye ndiye mwenye kura nyingi. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu 2017, lakini mtaulizwa ninyi.

Na mkishashinda, tutawadai. Tutawaita kwenye mkutano wetu mara moja kwa mwaka mtueleze mlichouliza barazani, mlichopata, na mlichokubali kikapita bila kupinga. Asiyekuja tutaandika kwamba hakuja. Barwany aliangushwa na watu wa Lindi walewale waliompandisha. Hatuoni kwa nini diwani atokaye kwetu awe na kinga zaidi ya hiyo.

Kwa wazazi wanaoficha watoto wao ndani, hasa vijijini, tunasema kwa upole lakini bila kuzunguka: mtoto asiyeandikishwa shule leo hawezi kuandikishwa kuwa mgombea kesho. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 11 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana aina fulani ya ulemavu. Rukwa ina watu zaidi ya milioni moja na nusu. Kundi la ukubwa huo likipiga kura kwa pamoja hata katika kata moja tu, hakuna mgombea atakayelipita kando.

Kwa wananchi wenzetu wote wa Ufipa: fomu za udiwani zitakapotangazwa, baadhi ya wanachama wetu watazichukua, kupitia vyama tofauti. Wasikilizeni. Waulizeni maswali magumu kama mnavyowauliza wengine, na mmoja wao akionekana hafai, mnyimeni kura. Akionekana anafaa, mpeni, na mumlinde mpaka afike nyumbani salama.

Limetolewa Sumbawanga na uongozi wa chama, kwa niaba ya wanachama wote.